Mjadala: Mchoro wa piramidi uondoke kwenye somo la kutunga hadithi fupi?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Wadau wa uandishi hapa Kigoma, pamoja na jirani zetu wa Tabora, naleta hoja tuichambue. Darasani hadithi fupi hufundishwa kwa mchoro wa piramidi: mwanzo uko chini, mgogoro unapanda, kilele kiko juu katikati, halafu unateremka hadi mwisho. Nasema mchoro huo uondoke.

Asili yake ni Gustav Freytag, Mjerumani aliyeandika mwaka 1863 kuhusu ufundi wa tamthilia. Aliigawa tamthilia sehemu tano, kilele kikawa cha tatu. Kwa tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, inaeleweka, maana sehemu mbili zinazobaki zina kazi ya kumwangusha shujaa hatua kwa hatua mbele ya hadhira. Edgar Allan Poe wa Marekani, ambaye mwaka 1842 aliizungumzia hadithi fupi yenyewe, alidai kitu kingine: isomeke kwa mkao mmoja, na kila neno lielekee athari moja.

Sasa mwanafunzi anaandika maneno 1,500, kilele anakiweka kwenye neno la 750. Maneno 750 yaliyobaki atayajaza na nini? Polisi wanafika, majeruhi anapelekwa hospitali, ndugu wanapatana, aya ya mwisho inatoa funzo. Msomaji keshaondoka zamani. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Kiswahili, Kasulu

Naipinga hoja, kwa heshima. Ukimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha tatu mchoro huo bila kumpa kingine, hatakuandikia hadithi yenye kilele mwishoni. Atakuandikia isiyo na kilele kabisa: aliamka, akapiga mswaki, akaenda shamba, mvua ikanyesha, akarudi, akalala. Matukio yapo tele, na hakuna hata moja linalomlazimisha mhusika kuamua lolote.

Piramidi inamwonyesha mambo mawili ndani ya kipindi kimoja: kwamba lazima pawe na mtu anayetaka kitu na kinachomzuia, na kwamba kizuizi kiwe kinaongezeka uzito. Kama shida yako ni mahali pa kilele, kisogeze kulia. Mchoro usiuguse.

Mtunzi, Ujiji

Mahali pa kilele ni nusu tu ya habari. Kwanza tukubaliane kilele ni nini, maana wengi wanadhani ni kishindo: ajali, moto, kifo. Mimi nasema kilele ni pale mhusika anapokuwa hawezi tena kukwepa kuamua.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuzungumze juu ya kitu kinachoonekana. Kijana wa Ujiji anachukua injini ya akiba ya mjomba wake bila kumwambia, akavue dagaa usiku wa giza, wakati hakuna mbalamwezi. Ziwani injini inazima, maji yanaingia mtumbwini. Chombo pekee kilicho karibu ni cha mjomba mwenyewe. Ukifanya injini kuzima ndiyo kilele, umeandika ajali. Kilele kiko kwenye tochi aliyoshika. Akiiwasha kuomba msaada, amekiri wizi. Asipoiwasha, maji yanapanda.

Sasa injini isizime kwa bahati mbaya, maana sadfa inayomtia mhusika matatani inavumilika mwanzoni lakini kwenye kilele inaudhi. Sababu ipandwe mapema. Bomba la mafuta lina ufa uliofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Karibu na neno la 200 kitaje katikati ya orodha: "Alipakia kasia, akakaza ule mpira kwenye bomba la mafuta, akatupia kopo la kutolea maji." Kikikaa mwisho wa sentensi kinasikika mno, kwa sababu sikio hubaki mwishoni. Karibu na neno la 700 usikitaje tena. Toa dalili yake tu. Kijana anakula muhogo, dada yake anamwuliza mbona vidole vinanuka petroli.

Ukidokeza mara moja tu, injini ikizima msomaji ataona umelibuni jambo palepale. Ukidokeza mara nne, ataujua mwisho kabla mtumbwi haujaondoka pwani. Mara mbili kwa umbo tofauti zinatosha kwa urefu huu. Taa za kuvulia za mtumbwi wa mjomba nazo zipandwe vivyo hivyo: ziko nne, ya mwisho imefifia, na mjomba amekwisha kuilalamikia betri yake jioni ile.

Mhariri, Tabora

Mfano huo unanipa nafasi ya kusema kinachoviua vilele vingi vinavyofika mezani kwa wahariri: kiambishi -ka-. "Injini ikazima, akashtuka, akavuta kamba, ikakataa, akaona maji, akalia." Matendo sita kwa pumzi moja, yote na uzito uleule. Kiambishi hiki ni cha kusafiria, kinafaa sana wakati mgogoro unapanda. Ukifika kwenye kilele kiache: "Anavuta kamba. Kimya. Anavuta tena. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu." Na ukishahamia -na-, kaa nayo mpaka uamuzi upite. Anayerukaruka kati ya nyakati mbili ndani ya aya moja anamtoa msomaji majini.

Kiswahili pia kinatuwezesha kuchelewesha jambo ndani ya sentensi. "Upande wa kusini zilionekana taa nne, ya mwisho imefifia." Pahali panatangulia, kitu kinafuata, maana inakuja mwisho. Ukianza na "Mjomba wake alikuwa upande wa kusini", umeimaliza shughuli kwa neno la kwanza. Wala usiongeze kwamba zile ni taa za mjomba. Msomaji aliyepewa betri mbovu jioni atajua, na kule kujua kwake ndiko kunakompandisha mapigo ya moyo.

Kuhusu hesabu nipo na Mleta mada. Kwa maneno 1,500, kilele kianze kati ya neno la 1,150 na la 1,250, kichukue kama maneno 200. Yatakayobaki yanatosha kuonyesha kilichobadilika, basi. Angalieni hilo la maneno 200. Waandishi wachanga wanaambiwa kilele kinataka sentensi fupi, wanakifupisha kilele chenyewe, kinaisha kwa mistari mitatu. Sentensi zifupike, lakini muda upanuke. Mwezi mzima unaweza kupita kwa sentensi mbili kule mwanzoni. Dakika moja ya kushika tochi ipewe ukurasa.

Mdau wa fasihi simulizi, Urambo

Mnazungumza kana kwamba kilele kinategemea msomaji asijue. Ngano zinatufundisha vingine. Wasikilizaji wameisikia ngano ileile mara nyingi, mwisho wanaujua, na bado wanasogea karibu na msimulizi. Kinachowavuta ni wimbo unaorudi. Mara ya kwanza unaimbwa wote, mara ya pili unaimbwa wote, mara ya tatu unakatika kabla ya mstari wa mwisho, na kila sikio linaungoja mstari ule.

Hiyo ni takriri inayovunjwa, na kwenye maandishi inafanya kazi vilevile. Mjomba awe na kauli anayoitoa kila anaposukuma mtumbwi, na mpwa wake humwitikia. Isikike mara mbili kamili. Kwenye kilele isikike kwa mbali juu ya maji, na pasiwe na wa kuitikia. Hapo huhitaji hata maneno "alijuta".

Ndiyo maana wizi ningeutangaza kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Mshangao hudumu sekunde chache. Anayejua kosa na kungoja lijulikane anabeba taharuki toka mwanzo hadi mwisho.

Mtunzi, Ujiji

Hapo nakubali nusu. Kutangaza kunafaa hadithi hii kwa sababu swali lake ni "ataamua nini". Hadithi ambayo swali lake ni "nani alifanya" haiwezi kutangaza. Kuficha si kosa mradi msimulizi naye hajui. Msimulizi wa nafsi ya kwanza aliyeshuhudia kila kitu, akatuficha hadi mwisho ili tu atushtue, ametudanganya, na msomaji hasamehe. "Kumbe ilikuwa ndoto" ni udanganyifu wa aina hiyohiyo, tena mbaya zaidi, maana unafuta hata uamuzi wa mhusika.

Kiswahili kinatupa njia halali ya kuficha: kiambishi a- hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. "Alifungua mlango wa stoo, akaingia." Msomaji akidhani ni mjomba na baadaye ikawa dada, hujamwambia uongo wowote.

Mwalimu wa Kiswahili, Kasulu

Nyongeza moja kuhusu tamathali. Mwanafunzi akishajua tashbihi na sitiari zina alama, anazimwaga zote kwenye kilele: moyo ukamdunda kama ngoma, jasho likamtoka kama mvua, macho yakawa mekundu kama moto. Tatu kwa mpigo, na kila moja inaizima iliyotangulia. Nawaambia wabaki na taswira moja, itokane na vitu vilivyokwisha kutajwa. Methali nayo isikae hapo kabisa. "Siku za mwizi ni arobaini" ikitamkwa kijana akiwa ameshika tochi, uamuzi umeshatolewa na mwandishi, mhusika kaporwa.

Lakini mambo haya yote, ndugu zangu, hayajajibu hoja. Nani atayafundisha bila mchoro?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Basi naibadili hoja hivi: piramidi isitangulie kuandika, ije baada ya rasimu ya kwanza. Mwanafunzi aandike kwanza, ndipo achore umbo la alichokiandika. Akikuta ncha iko katikati, atajua nini cha kukata.

Mwalimu wa Kiswahili, Kasulu

Darasa la wanafunzi 60 au zaidi, rasimu mbili kwa kila mmoja, nani atazisoma? Ikiwa itafanyika, ifanyike wakiwa wawili wawili kwenye dawati. Wabadilishane madaftari, kila mmoja apigie mstari sentensi moja ambapo mhusika wa mwenzake anaamua. Asipoiona, amrudishie daftari bila kuandika kingine. Akiiona, ahesabu mistari iliyo kabla na iliyo baada, aandike namba mbili pembeni. Hilo linamalizika ndani ya kipindi kimoja, na kwa hilo sihitaji piramidi wala sihitaji kuifuta. Kwa somo la uhakiki wa tamthilia bado nitaichora ubaoni.