Naombeni programu ya kusoma meseji za simu ya mama, kuna mtu anamfilisi

binti_mabibo (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Mimi nipo Mtwara mjini, mama yupo Newala, upande wa Kitangari. Ni mjane, ana mikorosho yake, na msimu huu hela zimeingia benki kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nikajua safari hii nyumba tunaipaua. Sasa kuna mtu anamtumia voisi kwa sauti ya kaka yangu aliyeko Afrika Kusini. Mara anaumwa, mara kakamatwa, mara kibali kimeisha. Hela zitumwe kwa namba ya hapa hapa Bongo, eti ya rafiki atakayemvushia. Mama analia, anakwenda kwa wakala, anatuma. Zimeshaondoka zaidi ya laki nane. Nimesoma kuwa akili mnemba siku hizi inaiga sauti ya mtu, na nina uhakika ni hiyo. Naombeni programu nzuri ya kusoma meseji zinazoingia nikiwa huku huku, bila mama kujua, maana presha yake iko juu. Matusi sitaki, nimechanganyikiwa.

Baharia wa Mikindani:
Wanaouliza programu hizi huanza na "mama", mwisho wa siku tunaambiwa ni mume. Sema kweli tukusaidie.

Mama Tuu:
Mama au mume, ikipatikana mnitumie na mimi. Baba watoto anaendesha lori la korosho, akirudi nyumbani simu inalala kifudifudi mezani na akienda kuoga anaingia nayo bafuni. Nimevumilia vya kutosha.

Mstaafu Chikongola:
Pole mwanangu. Wazee tunalizwa sana na simu hizi. Tulipoambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho 20 Januari 2020, mke wangu vidole vilikataa. Amebangua korosho tangu usichana. Yale mafuta ya ganda yalimla ngozi, ncha za vidole zikawa nyororo na nyeusi kwenye mikunjo tu. Binti wa usajili akamfuta kwa spiriti, akamkausha, akambonyeza gumba tena na tena, mashine inakataa. Foleni nyuma inanung'unika, mke wangu anaona haya kama aliyeiba. Mwisho laini ikasajiliwa kwa kitambulisho changu, mpaka leo. Kwa hiyo nikuulize, laini ya mama ipo kwa jina la nani? Mwenye kitambulisho akipiga *106# anaona namba zote zilizo chini yake.

binti_mabibo:
Shikamoo baba. Ipo kwa jina la kaka, naye mama vidole vilikataa. Ila hilo halihusiani.

Fundi Ligula:
Kaka yupi, huyo huyo wa Afrika Kusini?

binti_mabibo:
Ndiyo, ninaye mmoja tu. Naomba turudi kwenye programu.

Fundi Ligula:
Tutarudi. Kuiga sauti kupo kweli. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mtambo unaoitwa VALL-E, unahitaji sekunde 3 tu za sauti ya mtu kisha unasoma maneno yoyote kwa sauti yake. Lakini ule ulifunzwa kwa Kiingereza, kwa maelfu ya saa za rekodi. Hizo voisi za mama zinakuja kwa lugha gani?

binti_mabibo:
Kimakonde.

Fundi Ligula:
Cha kubabaisha au cha nyumbani?

binti_mabibo:
Cha nyumbani kabisa. Na anataja mambo ya shamba. Lakini siku hizi kila kitu kinawezekana, huenda wamechukua rekodi zake mahali. Kaka yangu namjua, hawezi kumlilia mama hela.

Mstaafu Chikongola:
Mara ya mwisho mmeongea lini wewe na yeye?

binti_mabibo:
Baba, tangu msiba wa marehemu baba hatujaongea. Kulikuwa na maneno kuhusu kugawana mikorosho. Lakini mimi nimeshaamua, Jumatatu naripoti polisi kuwa mama anatapeliwa kwa akili mnemba, na kadi yake ya benki nitaishika mimi. Nyie mko mbali, mimi ndiye ninayemuuguza.

Wakili wa mtaani:
Kadi ni ya mama, akili zake ni timamu. Kumlinda ni jambo moja, kumnyang'anya hela aliyoitolea jasho ni jambo jingine. Na hiyo programu unayoitafuta: Katiba yetu Ibara ya 16 inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, mama yako akiwemo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imefanya kunasa mawasiliano ya mwingine bila idhini kuwa kosa la jinai. Hakuna sehemu iliyoandikwa "isipokuwa mtoto akiwa na nia njema".

Mtu wa Nanyamba:
Mimi naona hii ni chai, wakuu. Someni vizuri. Mama vidole havisomi, laini ya mtoto, yupo Kitangari, halafu anapokea voisi? Kwa kitochi? Mama yangu ana kitochi cha vitufe, ukimtumia hata picha haifunguki. Na programu ya upelelezi inakaa wapi kwenye kitochi? Mleta uzi katunga, anatafuta programu ya kumchunguza mtu mwingine. Kama si chai, weka hizo voisi hapa tusikilize, Wamakonde tupo.

Baharia wa Mikindani:
Nilisema mimi. Mleteeni na maandazi.

Mstaafu Chikongola:
Voisi zisiwekwe hapa. Zikiwa za tapeli mtampa sifa. Zikiwa za kijana mwenyewe, ni mtu anamlilia mama yake, na kesho zitazunguka kila kundi la Newala na Tandahimba. Binti, jibu la kitochi tu linatosha.

binti_mabibo:
Si chai. Ni kweli mama ana kitochi. Voisi zinaingia kwenye simu janja ya mtoto wa kaka, anaishi na bibi yake, yupo kidato cha pili. Simu nilimnunulia mimi. Na programu nimeshaiweka, alipokuja kwangu likizo ya Desemba. Nilipewa faili kwenye kundi la Telegram. Inaniletea meseji za kawaida tu, za WhatsApp haileti, ndiyo maana naomba iliyo bora. Sioni kosa, simu ni hela yangu.

Fundi Ligula:
Dada, hapa ndipo penye moto. Faili lisilotoka Play Store, umeliruhusu lisome meseji na majina yote ya kwenye simu. Unajuaje nani mwingine anasoma? Namba za uthibitisho za WhatsApp huja kwa meseji ya kawaida. Mwenye kuiona ile meseji anaweza kuifungua akaunti hiyo kwenye simu yake. Hata kampuni zinazouza upelelezi kwa hela na kwa jina hazijihifadhi: data za mSpy zilivuja 2015, zikavuja 2018, zikavuja tena 2024. SpyFone nayo Marekani waliipiga marufuku Septemba 2021. Sasa hiyo ya bure ya Telegram inakula nini?

Wakili wa mtaani:
Na huyo ni mtoto. Mzazi wake ni yule kaka usiyeongea naye. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Risiti ya kununulia simu haikupi ruhusa ya kusoma maisha ya mtoto wa mwenzio.

Mama Tuu:
Mimi ombi langu nimelifuta. Baba watoto nitamuuliza kwa mdomo.

Mstaafu Chikongola:
Binti, kabla ya polisi, mama ampigie kijana kwa simu ya sauti, si voisi. Amuulize jina aliloitwa utotoni kabla hajaenda jando. Mtambo haujui hilo, na tapeli wa Dar hajui.

binti_mabibo:
Wakuu, nimerudi. Mama amempigia, jina kalitaja bila kusita, kisha wakalia wote wawili. Nilikuwa nasikiliza kwenye simu nyingine, nami nikamsalimia. Ni yeye. Anasema aliumwa kweli, na voisi ya kuumwa ni yake, akaomba laki moja na nusu, akaipata. Ila ya kukamatwa na ya kibali hazijui.

Mtu wa Nanyamba:
Sawa, chai naiondoa. Lakini ulisema zote ni sauti yake. Hizo nyingine zilikuwa voisi?

binti_mabibo:
Mama ndiye aliyesema "kaka yako kasema". Nimemuuliza mtoto leo. Ya kuumwa tu ndiyo voisi. Nyingine ni maandishi, kwa namba ile ile ya WhatsApp ya kaka, yeye alikuwa anamsomea bibi. Kaka anasema WhatsApp yake ilimtoa yenyewe kwa siku kadhaa, akadhani ni mtandao.

Fundi Ligula:
Kaka anapokelea WhatsApp kwa laini ipi?

binti_mabibo:
Ya Tanzania. Ile laini hakuondoka nayo, ilibaki nyumbani, mtoto aliitia kwenye simu yake.

Fundi Ligula:
Kwa hiyo namba ya uthibitisho ya kaka iliingia kwenye simu uliyoiwekea programu. Yale maandishi yalianza kabla au baada ya Desemba?

binti_mabibo:
Baada.

Wakili wa mtaani:
Basi usifute kitu chochote. Mtoto azime intaneti, iwe hivyo mpaka ufike. Piga picha meseji zote, chukua miamala kwa wakala ikiwa na jina la mpokeaji, nenda navyo polisi pamoja na simu yenyewe. Namba ya mpokeaji iripoti kwenye 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, leo hii. Programu itaondolewa baada ya hapo, na kaka aweke PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp.

binti_mabibo:
Naenda Jumamosi. Mtoto nimwambie nini? Hajui kama niliiweka.

Mstaafu Chikongola:
Mwambie yote, kabla hajayasikia kituoni. Na baba yake umpigie wewe mwenyewe, usimtume mama.

Mtu wa Nanyamba:
Gari za Newala Jumamosi zinajaa mapema. Kata tiketi kesho.