SET(O), fomu ya makazi ya kudumu Uingereza: makro ya Excel imenipa siku 214 nje!

Reading:
Asalaam aleikum wanajamvi. SET(O) imenirudi na barua: nieleze siku 214 nilizokaa nje mwaka 2022. Nilikwenda Tanga kumzika mama, nikatoka 5 Novemba, nikarudi 12 Desemba. Siku 36, maana siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi. Lakini jedwali la safari nililoambatanisha, lililojazwa na makro (maagizo yanayojiendesha ndani ya Excel), linasema nilitoka 11 Mei! Sasa nataka makro ibakize safari za miaka 5 tu, ya karibuni iwe juu. Naiandikaje?

Leicester:
Pole kwa msiba, ndugu. Usihofu, mpaka ni siku 450 nje. Mimi nilikuwa na 391 nikapita.

Mama Nuru, Manchester:
Kaka, soma kwanza ndipo ujibu. 450 ni ya AN, fomu ya uraia. Huyu anaomba makazi: mpaka ni siku 180 nje ndani ya miezi 12 yoyote, si Januari mpaka Desemba. Shemeji yangu alihesabu kwa mwaka wa kalenda, akalia.

Leicester:
Haya, mwalimu.

Milton Keynes:
Kosa hilo nalijua, limenikeshesha kazini. Makro ya Excel ikiandika tarehe kwenye seli kama maandishi, inasomwa Kimarekani, mwezi kwanza, hata kompyuta uiweke ya Uingereza. 05/11, yaani 5 Novemba, inakuwa 11 Mei. 23/11 inapona, kwani mwezi wa 23 haupo. Ndiyo maana safari nyingine ziko sawa, nyingine zimepinduka, na ukizipanga zinarukana. Tenga mwaka, mwezi na siku, upitishe kwa DateSerial, amri ya makro inayounda tarehe, ndipo upange.

Reading:
Shukran sana. Nimeona, 05/11 kweli. Na kukata miaka 5?

Leicester:
Wakenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010. Sisi Watanzania ukichukua wa huku, wa nyumbani umekwenda. Unahangaikia majedwali ili uwe mgeni nyumbani kwa baba yako!

Mama Nuru, Manchester:
Kaka, hilo liache, tutagombana. Mimi nikisikia Tanga nakumbuka machungwa ya Muheza, ya hapa maji matupu.

Reading:
Jamani, miaka 5? Barua imenipa siku 10.

Milton Keynes:
Niko zamu ya usiku, nitakutumia kesho inshallah.

Mama Nuru, Manchester:
Kuna anayekwenda Dar kabla ya Ramadhani? Nina kifurushi, kilo 2 tu.