Kozi za hiari mwaka wa kwanza, sayansi ya afya (Ontario): Saikolojia, Takwimu, Anthropolojia, Falsafa au Kifaransa?

mchanga_wa_kunduchi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naanza mwaka wa kwanza Septemba hii, shahada ya sayansi ya afya, chuo kimoja hapa Ontario, Kanada. Dirisha la kujisajili linafunguliwa wiki ijayo na nimekwama kwenye kozi za hiari. Za lazima wamenipangia wenyewe: biolojia, kemia, utangulizi wa afya ya jamii na semina ya uandishi. Nafasi zilizobaki ni tatu, moja muhula wa Septemba na mbili wa Januari.

Baada ya kuchuja nimebaki na Saikolojia ya utangulizi, Takwimu, Anthropolojia ya afya, Falsafa (mantiki na hoja) na Kifaransa. Mbele ya safari sijaamua. Baba anasema udaktari, mama anasema soma kwanza, mimi fiziotherapi inanivutia. Nina ukaazi wa kudumu, kwa hiyo mambo ya viza tuyaweke pembeni. Kidato cha sita nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia), hesabu ni ile ya msingi, BAM, tu.

Halafu kuna jamaa ananiambia nichukue Kiswahili nijizolee maksi. Naombeni mawazo, hasa mliopita njia hii.

---

Hamilton254

Kiswahili sahau. Vyuo vinavyokifundisha huku, kama Toronto na York, kozi ya kuanzia imewekwa kwa mtu asiyekijua kabisa. Ukisema ukweli kwamba ni lugha ya nyumbani hawakuandikishi, ukificha utajulikana siku ya kwanza ukifungua mdomo kuitikia salamu.

Sasa tuje kwa mambo ya maana. Wengi watakwambia chagua unachokipenda. Mimi nasema kabla ya kupenda, fungua silabasi uone maksi zinavyogawanywa. Maombi ya udaktari Ontario yanapitia OMSAS, mfumo mmoja wa maombi kwa shule zote, na wale wana jedwali lao la kugeuza maksi kuwa pointi: 90 kwenda juu ni 4.0, 85 hadi 89 ni 3.9, 80 hadi 84 ni 3.7, kisha 77 hadi 79 ni 3.3. Angalia hapo kati ya 80 na 79. Umekosa alama moja tu na umeshapoteza 0.4. Tuseme muhula wa uniti tano, nne umepata 3.9 na ya tano umepata 78. Wastani wako ni 3.78. Na uniti ya hiari inahesabiwa sawa na biolojia, hakuna atakayekuonea huruma eti ulikuwa unajaribu kitu kipya.

Mpangilio wangu: Saikolojia Septemba, Falsafa na Anthropolojia Januari, Takwimu isubiri mwaka wa pili. Saikolojia naiweka mbele kwa sababu tangu 2015 MCAT, mtihani wa kuombea shule ya udaktari, ina sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, maswali 59 kwa dakika 95, na karibu 65% ya sehemu hiyo ni mambo ya saikolojia ya utangulizi. Hizo ni maksi unazozisomea mapema na chuo kinakupa kredi.

---

bao_la_kete

Nakubaliana na mkuu wa Hamilton kote isipokuwa kwenye Takwimu. Hiyo usiisogeze.

Nitoe mfano. Unasoma kichwa cha habari: dawa fulani yapunguza hatari ya kiharusi kwa 50%. Unaingia ndani ya utafiti unakuta katika watu 100 wasiomeza dawa, wawili walipata kiharusi. Katika 100 waliomeza, alipata mmoja. Kweli, kutoka wawili hadi mmoja ni nusu. Lakini maana yake ni kwamba watu 100 wameze dawa ili mmoja aokoke, 98 wasingepata kiharusi hata bila dawa, na mmoja atakipata vilevile. Sasa weka na gharama ya hiyo dawa na madhara yake. Mwanafunzi wa afya asiyeweza kufungua hesabu hiyo atakuwa anameza makala za watu mpaka mwaka wa nne, na kozi za mwaka wa pili zitamtaka azisome kila wiki.

Kuhusu hesabu usiogope. Ile sehemu ya takwimu na probabiliti uliyoisoma kwenye BAM inakutosha kuanzia. Kinachotakiwa ni kuangalia kozi ni ya idara gani. Kuna Takwimu ya idara ya hesabu, inayotaka uwe na kalkulasi, na kuna ya wanafunzi wa afya au saikolojia, ambayo ni data, majedwali, grafu na programu ya kompyuta kama R au SPSS. Kwenye orodha majina yanafanana, mateso tofauti kabisa. Na soma maandishi madogo chini ya maelezo ya kozi: vyuo vingi hukuruhusu uhesabiwe Takwimu moja tu ya utangulizi. Ukichukua hii ya hiari halafu programu yako ikawa na Takwimu yake ya lazima mwaka wa pili, mojawapo haitahesabiwa. Hilo ndilo la kwanza kuuliza kwa mshauri wa masomo.

Tena kama fiziotherapi inakuvutia ndiyo kabisa, programu kadhaa za uzamili zinaulizia takwimu au mbinu za utafiti.

---

MamaNesi

Wanangu, mnazungumza maksi tu. Ngoja na mimi nitie neno.

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi wodi ya watoto, mkoa wa Pwani. Mtoto analetwa ana homa kali na degedege, na mara nyingi analetwa amechelewa. Si kwamba mama hampendi mwanawe, wala si kwamba hospitali ilikuwa mbali. Wakubwa nyumbani walishamwambia degedege si ya hospitali, apelekwe kwanza kwa mganga, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa nesi mgeni akimfokea mama yule, "Ulikuwa wapi siku zote?", basi siku mwenzake wa jirani akiuguliwa hatakuja kabisa. Sisi tulijifunza kuanza na bibi. Ukimkalisha bibi, ukamuuliza ameona nini na amefanya nini, ukamsikiliza mpaka mwisho, sindano anakuruhusu yeye mwenyewe.

Watafiti wa anthropolojia wameandika mengi juu ya degedege ya pwani yetu, na kozi ya anthropolojia ya afya ndiyo inayofundisha hayo. Huku nako yapo. Mgonjwa wa kisukari anafunga Ramadhani na hasemi, kwa sababu aliwahi kukatazwa kwa ukali. Anarudi sukari imeshuka, daktari anaandika kwamba mgonjwa hafuati dawa.

Na wewe mchanga, usijifungie kwenye udaktari. Ukimaliza shahada hii unaweza kuingia uuguzi kwa miaka miwili, Toronto wanayo programu ya namna hiyo, na wanataka uwe umesoma fiziolojia ya binadamu na takwimu. Hapo naungana na bao_la_kete.

---

mchanga_wa_kunduchi

Shikamoo mama, nashukuru sana. Hiyo ya bibi nimeisoma mara mbili, kwetu Kunduchi ni vilevile.

Swali kwa wote: kati ya Anthropolojia na Falsafa ipi ina insha nyingi? Kiingereza changu cha kuandika si kibaya ila si haraka.

---

MamaNesi

Marahaba mwanangu.

---

Hamilton254

Mama amesema kweli, siwezi kubisha. Ila mgonjwa wa kwanza utamwona ukishaingia shule ya udaktari, na kuingia ni maksi. Hatupingani, tunapanga tu foleni.

Insha: Anthropolojia kwa kawaida ni insha mbili au tatu na kusoma kwingi. Falsafa inategemea ni ipi, na hapa watu huteleza. Mantiki ya alama, ile ya P na Q na mishale, ni kama hesabu: unafanya mazoezi, jibu ni sahihi au si sahihi, aliyezoea anapata 95 bila kuandika insha hata moja. Lakini haitakusaidia sana kwenye CARS, ile sehemu ya MCAT ya ufahamu. CARS ni maswali 53 kwa dakika 90, vifungu vya fasihi, historia, sanaa, sayansi za jamii, na huhitaji kujua sayansi yoyote. Wanapima kama umeelewa mwandishi anadai nini na hoja yake imeegemea wapi. Shule ya udaktari ya McMaster, katika sehemu zote nne za MCAT wanaangalia CARS peke yake. Kwa hiyo kama unataka Falsafa kwa ajili hiyo, tafuta ile ya kuchambua hoja kwa maneno. Ya alama chukua kama unataka maksi.

Kwa mtu wa PCB aliyesoma mitihani ya kukariri, CARS ndiyo inayomtoa jasho. Huwezi kuisomea wiki sita.

---

Bukavu_Ottawa

Ndugu zangu, naona Kifaransa kimepitiwa kando. Mimi natoka Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, basi nizungumze.

Chuo Kikuu cha Ottawa kina njia mbili za udaktari, ya Kiingereza na ya Kifaransa, na hawadai MCAT. Shule ya udaktari ya kaskazini mwa Ontario, NOSM, nao wana nafasi za wanaozungumza Kifaransa. Kwa kijana wa Kongo au Burundi aliyekuja na lugha yake hii ni mali, wala asiiache ikaoza. Lakini asidhani ataingia darasa la wanaoanza kukusanya maksi. Utapewa jaribio la kukupima, na utapelekwa darasa la juu ambako wanachambua riwaya.

Kwa mtu wa Dar anayeanza sifuri, ukweli mchungu: kozi moja ya muhula mmoja itakufikisha kujitambulisha na kuagiza kahawa. Madarasa ya lugha yana mahudhurio, yana jaribio dogo karibu kila wiki, na ukikosa wiki mbili umeshaachwa. Ukiwa tayari kwenda nacho miaka mitatu, anza leo. Kama ni kwa kujaza nafasi, jaza na kitu kingine.

---

mgeni_Windsor

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi sina ukaazi, nina kibali cha masomo tu. Hayo ya OMSAS yananihusu? Na nikiona kozi ya hiari imenishinda Oktoba, naweza kuiacha?

---

bao_la_kete

@mgeni_Windsor, nikwambie bila kuzunguka: shule nyingi za udaktari Ontario hazichukui mwanafunzi wa kigeni. Kwa hiyo usichague kozi kwa kukimbizana na jedwali la OMSAS ambalo huenda usilitumie. Chagua kwa kuangalia uzamili na kazi. Takwimu na kitu chochote cha data za afya vitakulipa kuliko mantiki ya P na Q.

Kuacha kozi, kila chuo kina tarehe mbili: ya kwanza unaacha na ada inarudi, ya pili unaacha bila alama kubaki kwenye rekodi ila pesa imekwenda. Lakini kwako kuna jambo zito zaidi. Ukishuka chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote unaweza kuharibu haki yako ya kufanya kazi, na hata kibali cha kazi baada ya kuhitimu. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni KABLA ya kubonyeza kitufe. Kazi nje ya chuo ni saa 24 kwa wiki muhula ukiendelea, tangu Novemba 2024, kwa hiyo pangilia ratiba ukijua na zamu zako. Mwenzangu chumbani alichukua kozi yenye maabara ya jioni mara mbili kwa wiki, ikawa kila Alhamisi anabembeleza meneja.

---

mgeni_Windsor

Asante mkuu, umenifungua macho. Meneja wangu habembelezeki.

---

mchanga_wa_kunduchi

Wakuu nimepata picha. Leo nimekaa na silabasi za mwaka jana, ziko wazi kwenye tovuti ya idara. Saikolojia: mitihani miwili ya katikati, 25% kila mmoja, wa mwisho 45%, na 5% unapewa kwa kushiriki tafiti za idara. Yote ni kuchagua jibu. Takwimu ya idara ya afya: mazoezi kumi ya kompyuta 30%, jaribio moja 25%, mtihani 45%. Anthropolojia: insha mbili, ushiriki darasani, hakuna mtihani wa mwisho kabisa.

Ninavyofikiria: Saikolojia Septemba, Takwimu na Anthropolojia Januari. Falsafa ya hoja naiacha kiangazi au mwaka wa pili. Kifaransa hapana, Bukavu amenishawishi. Mshauri wa masomo amethibitisha kwa barua pepe kwamba Takwimu hii ndiyo ile ile inayotakiwa mwaka wa pili, nikiifanya sasa naondokana nayo.

Tatizo moja: Anthropolojia inaonyesha imejaa, naweza kuingia orodha ya kusubiri tu, na ni Ijumaa saa 8 mchana hadi saa 11. Niendelee kuisubiri au nichukue Falsafa yenye nafasi?

---

Hamilton254

Jisajili Falsafa sasa ili nafasi ya tano isikae tupu, na ujiweke kwenye orodha ya kusubiri ya Anthropolojia, mradi mfumo wa chuo chenu unaruhusu vyote viwili. Kozi ya Ijumaa mchana huwa ya kwanza kukimbiwa. Wiki ya kwanza ya Januari nenda darasani hata kama huna nafasi, kaa mbele, mwandikie mwalimu barua fupi. Kazi za Falsafa usizisahau ukingoja hiyo.

---

MamaNesi

Na ile ya Septemba, mitihani ya katikati ya biolojia, kemia na saikolojia itaangukia wiki moja ya Oktoba, au mbili zinazofuatana. Tarehe zikitoka tu ziandike ukutani. Zamu usiombe wiki hizo.