Huyu mama wa ofisini atatuunguza wote, halafu eti ananiuliza "kwenu mna umeme kweli?"

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Chai sijanywa, na chai ndiyo chanzo cha yote.

Mnamjua. Kila ofisi anaye. Yule wa kona ya dirishani, mwenye ufunguo wa stoo, aliyekuwepo kabla hata jengo halijajengwa. Mezani kwake kuna ekstensheni nyeupe ya matundu manne, zile zinazopangwa chini kwenye turubai Kariakoo. Humo kachomeka jagi la maji, feni, chaja tatu (simu anazo mbili, ya tatu sijui ya nani), kafriji ka soda anazotuuzia, na wiki hii kaleta maikrowevu. Matundu manne, vitu saba. Ekstensheni imezaa ekstensheni, mjukuu yuko chini ya zulia.

Leo saa nne kasoro nasikia harufu, ile ya ndala kuungua. Nikafuata pua. Plagi ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chapati iliyosahaulika jikoni, tundu moja limeyeyuka pembeni, waya umeviringishwa kama nyoka aliyeshiba na ukiugusa unaruka. Jagi peke yake limeandikwa wati 2200! Plagi hizi za pini tatu mwisho wake ampea 13, kwa volti 230 ni kama wati 3000, na hapo ni matundu YOTE kwa pamoja. Jagi na maikrowevu vikiwaka kwa wakati mmoja umeshapita. Nikazima ukutani, nikachomoa. Sikusema neno.

Kageuka. Kanipima kuanzia viatu. Mbele ya bosi, mbele ya wateja wawili na mlinzi aliyekuja kuchaji simu: "Hivi wewe kijana, kwenu mna umeme kweli?"

KWENU. MNA. UMEME. KWELI.

Na shikamoo nilimpa asubuhi!

Ofisi nzima ikacheka. Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Mlinzi huyo huyo ambaye chaja yake ya pini mbili anaichomekaga kwa kutanguliza kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke. Mshamba ni mimi.

Nikaifungua ile plagi. Fyuzi hakuna wakuu! Kuna karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kabisa. Hiyo haikatiki umeme ukizidi, itaungua nyumba kwanza. Nikamwonyesha. Akasema kaweka fundi wake na haijawahi kuleta shida. Halafu akarudia, safari hii polepole kama anafundisha chekechea: kwenu... mna umeme... kweli?

Hapa ninapoandika nasikia jagi linanguruma. Karudisha.

Mzee wa Kontena: Pole mkuu. Ila swali hujalijibu. Kwenu mna umeme?

Binti wa Uani: Nimecheka mpaka bosi kanitazama. Mlinzi ana kosa gani sasa, kalamu tunatumia wote.

fundi_waya: Kalamu acheni. Kinachochemsha au kupasha chomeka ukutani, usipitishe kwenye ekstensheni. Waya unyooshe, ukiviringishwa joto halina pa kutokea. Wekeni mtungi wa poda kavu au kaboni dayoksaidi hapo ofisini. Ikiwaka msimwage maji, zima meni swichi kama unaifikia, toka, piga 114.

Mzee wa Kontena: Fundi, ile karatasi ya sigara si wewe uliiweka?

fundi_waya: Mimi sivuti.

Mleta uzi: Nimezaliwa Mbeya MJINI. Umeme ulikuwepo, ulikuwa unakatika tu!

Binti wa Uani: Kumbe mama wa watu aliuliza swali la msingi.

Mpangaji Sugu: Mleta uzi afadhali yako. Sisi vyumba sita mita moja ya LUKU. Chumba cha nne kuna dada anachemsha maharage kwa jiko la umeme toka saa tano, ukimuuliza anasema "kaka, ni feni tu". Juzi umeme umekatika akiwa anapiga pasi, akaiacha kitandani bila kuchomoa, akaenda vikoba. Umeme umerudi saa mbili usiku, tukaona moshi unatoka dirishani. Tumevunja mlango. Godoro lina tundu lenye umbo la pasi, mpaka ile ncha ya mbele.

Mzee wa Kontena: Mlango kalipa nani?

Mpangaji Sugu: Mwenye nyumba anatudai sisi tuliouvunja!

Binti wa Uani: Hapana jamani. Mwenye nyumba wangu aliweka waya mmoja kutoka chumbani kwake mpaka banda la kuku, wa kishoka, umepita juu ya kamba ya nguo. Nimeanika kanga, imenirusha.

Mleta uzi: Wakuu tunamzungumzia mama wa ofisini. KAMA NINA UMEME, mbele ya wateja.

Mzee wa Kontena: Mpangaji, yuniti mnachangaje?

Mpangaji Sugu: Sawa kwa sawa. Mimi nina taa moja na redio.

Binti wa Uani: Mnalipia maharage ya mtu. Anaweka nazi lakini?

Mpangaji Sugu: Anaweka. Na anatugawia. Ndiyo maana kesi imekwama.