Asiyeamini naye anadaiwa ushahidi?

Mkazi wa Kiboriloni, Moshi
Wakuu, habari za mchana. Asubuhi wingu liliufunika mlima wote, na mwanangu akaniuliza kama nina hakika kwamba Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado ipo. Nilijibu bila kusita kwamba ipo, ingawa sikuona chochote juu ya migomba ya jirani isipokuwa weupe mtupu. Je, huko ni kujua au ni kuamini tu? Mwingereza W. K. Clifford aliandika mwaka 1877 kwamba ni kosa, siku zote na kwa mtu yeyote, kuamini jambo pasipo ushahidi wa kutosha.

Mwalimu mstaafu, Sakina
Ushahidi wako ni kumbukumbu, ndugu yangu, wala si haba. Mtu aliyelengwa na Clifford ni mwenye meli chakavu aliyeyazima mashaka yake mwenyewe hadi akaamini kwamba itafika salama. Clifford anamhukumu hata kama meli ingefika, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Wewe hukuzima shaka yoyote.

Mama wa Rau
Shikamoo Mwalimu. Naomba tumtazame na anayekataa. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe kileleni, na kiongozi wake akauita “baridi” tu. Huko London, Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa katakata kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mwaka 1862 msafiri Mjerumani, Baron von der Decken, alipanda sehemu ya mlima na theluji ikamwangukia, lakini Cooley hakukubali. Huyo alikuwa akidai ushahidi, au alikuwa akiilinda ramani yake?

Mwalimu mstaafu, Sakina
Marahaba, mama. Mwanzoni Cooley alikuwa na haki ya kusita, kwani shahidi mmoja kwa jambo geni hatoshi. Baada ya 1862 simtetei. Tena lugha yetu inatusaidia hapa: kumwamini mtu si sawa na kusadiki jambo, na mengi tunayoyasadiki tumeyapata kwa kuwaamini waliotutangulia kuyaona, kwa hiyo anayekataa neno la shahidi anapaswa kutueleza kasoro ya shahidi huyo.

Mkazi wa Kiboriloni, Moshi
Nashukuru sana. Wingu limefunguka sasa, lakini upande wa Mawenzi tu, na mtoto anasisitiza kwamba kuhusu Kibo bado sijamjibu.