Kumtembeza mama kwenye mikoko ya Gazi halafu Mji wa Kale Mombasa, naomba ushauri

bintiwaKayole

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie maana nimeuliza huku na kule nikazidi kuchanganyikiwa. Mwezi wa nane shule zikifunga nataka kumpeleka mama Pwani, siku nne hivi. Ana miaka 67, amekaa Murang'a maisha yake yote akichuma majani chai na hajawahi kuiona bahari hata siku moja. Anatembea vizuri tu ila goti moja linamsumbua, kwa hivo akienda nusu saa lazima akae kidogo, na ngazi hazipendi kabisa. Sasa yeye hataki mambo ya kulala kwa mchanga, ameniambia wazi anataka kutembea aone watu wanaishi aje, na aone "hiyo miti inamea ndani ya chumvi" aliyoiona kwa TV na akakataa kuamini.

Nimesikia kuna daraja la mbao la kupita katikati ya mikoko Gazi na lingine Mida karibu na Watamu. Lipi ni rahisi kwa mtu wa goti? Tufike saa ngapi? Na Mombasa mjini naye atembezwe wapi bila kuumia, na ile ferry ya Likoni ni salama kwa mzee ama tuizunguke? Tunakuja na SGR. Asanteni mapema.

MdigoAsili

Karibu sana dadangu na umwambie mama shikamoo. Mimi nimezaliwa Gazi so nitaongea ya kwetu, wa Mida watakuja na yao.

Kwa mwezi wa nane chagua Gazi. Sababu ya kwanza ni ndege, Mida uzuri wake mkubwa ni wale ndege wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi na hao wengi wanafika kuanzia mwezi wa tisa wa kumi mpaka wa nne, mwezi wa nane utawakosa wengi. Ya pili ni umbali, kutoka Mombasa mpaka kwetu ni kama kilomita 50 kuelekea Lungalunga, Mida ni mara mbili ya hapo.

Daraja ni la akina mama wa kijiji, wao ndio wanaolilinda na ndio watakaowatembeza, na mkiwaambia mapema watawapikia, wali wa nazi na samaki, mnakula hapo hapo. Mama asiende peke yake mbele, ashike mkono wa mtu, mbao na maji ya chumvi havipatani kwa hivo kila mwaka kuna pahali panarekebishwa. Avae raba zenye kushika, malapa hapana.

Na mwambie asipite haraka. Watu wengi wanakuja wanapiga picha dakika kumi wanaondoka wakidhani mikoko ni mti mmoja. Kenya tuna aina 9 na kila moja ina jina na kazi yake. Ule wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko wenyewe. Mchu ndio unaotoa mizizi inayochomoza juu kama kalamu zimepangwa kwa matope, inapumua kwa hiyo. Mlilana unakaa mbele kabisa kunakopiga maji, mafundi wa majahazi walikuwa wanautafuta kwa mataruma, zile mbavu za chombo. Mkandaa magome yake yanatoa rangi. Halafu amuulize mwenyeji amuonyeshe mbegu ya mkoko, ile haingoji kuanguka ndio iote, inaota ikiwa bado juu ya mti, inarefuka kama mkuki, ikiiva inajiangusha na kujichoma kwenye matope. Mkulima wa chai hiyo itamfurahisha kuliko bahari yenyewe.

Kitu kingine ambacho ningependa akione ni kwamba msitu huu karibu uishe. Miaka ya 70 ulikatwa sana kwa kuni za kuchomea matofali na chokaa, mimi marehemu baba alikuwa anatuonyesha pahali palipokuwa peupe kabisa. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari, na wanakijiji wakapanda tena mche kwa mche, na sasa kuna mradi wa Mikoko Pamoja unaochunga hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni nje, yaani watu wa nje wanalipia kaboni inayoshikwa na miti, kama tani 3,000 kwa mwaka, pesa zinarudi kwa maji ya mifereji na vitabu vya shule. Walipata tuzo ya Equator mwaka 2017. Mimi mambo haya naringa nayo kabisa.

Muda: njooni maji yakiwa yametoka, mtaona kaa.

mzee_wa_bamvua

MdigoAsili umesema vizuri yote isipokuwa hapo mwisho. Maji yakitoka kabisa mama ataona tope tu na harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kuona mti ndani ya bahari ataona mti juu ya udongo kama alivyozoea. Huyu anahitaji kuona maji chini ya miguu yake. Waende maji yamejaa.

MdigoAsili

Mzee wangu nakuheshimu lakini maji yakijaa kaa wote wako mashimoni, na vile visamaki vinavyoruka juu ya tope na kupanda mizizi hutavipata wapi?

mzee_wa_bamvua

Basi tupatane katikati, waingie maji yakiwa nusu yanatoka. Binti nisikilize, hili ndilo jambo la kupanga kabla ya tiketi ya treni, maana ukija na saa ya Nairobi bahari haikungojei.

Bamvua ni zile siku mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kutoka sana. Sisi wavuvi tunahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, tarehe mosi na kumi na tano na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanatoka kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Yakifika tarehe saba nane ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na saa zake zimegeuka, asubuhi ya saa nne ndiyo yanajaa.

Kwa hivyo chagueni siku ya bamvua, muwe mmefika darajani saa moja na nusu asubuhi. Mtayakuta maji bado yapo chini ya mbao yanakimbia kurudi baharini, mama atayaona, atasikia hata sauti yake kwenye mizizi. Akipumzika kidogo, baada ya saa moja tope linaanza kujitokeza na kaa wenye gando moja jekundu wanatoka mmoja mmoja. Ameona yote mawili bila kutembea zaidi. Na jua bado halijawa kali. Ila hapo itabidi mlale Gazi au Msambweni au Diani, kutoka Mombasa alfajiri na mzee ni kumchosha bure.

Kibokoni_254

Mimi niongee upande wa mji. Kwanza njia: mkishuka SGR pale Miritini msiingie kisiwani kabisa kama mnaanza na Gazi. Chukueni gari mpite barabara ya Dongo Kundu, inaanzia huko huko Miritini, inapita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza na inatokea barabara ya Likoni Lungalunga, ferry hamuigusi. Na hapo darajani mwambie mama aangalie pande zote mbili, chini yote ni mikoko, ataanza kuiona kabla hata hajafika.

Ferry mpande siku ya kurudi, mchana, saa tano saa sita hivi wakati watu wamepungua. Asubuhi na jioni watu wanasukumana na kile kiteremko si cha kuharakishwa na mwenye goti. Kwa miguu ni bure. Meli kubwa ikiwa inaingia Kilindini ferry inaisubiri ipite, na hapo ndipo mtu anaelewa Mombasa ni bandari, chuma refu kama mtaa mzima linapita mbele yako.

Mji wa Kale ni tambarare na hauna ngazi nyingi ukijua pa kupita. Anzeni Fort Jesus asubuhi, Wareno waliianza 1593, baadaye Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka 1698 wakaichukua, Waingereza wakaifanya jela 1895 mpaka 1958. Mkitoka shikeni barabara ya Mbarak Hinawy, polepole tu, mtapita msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570 mpaka mfike uwanja unaotazama bandari ya kale ya majahazi. Si hata kilomita moja na vibaraza vya kukaa viko njia nzima, na mtu mzima akikaa kibarazani kwa watu hakuna atakayemuuliza, ataletewa maji. Salimieni tu. Zile Leven Steps za kushuka majini muziache. Chukueni mtembezaji mwenye kitambulisho na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza, mimi niliwahi kuwa na wageni wangu mtu akajiunga nasi bila kuitwa na mwisho akadai pesa ya kutisha, ikaniuma sana maana ni mtaa wetu unaoharibiwa jina.

Sasa hili ndilo nililotaka kusema hasa na ndio maana nafurahi mnaanza Gazi. Mkiingia nyumba yoyote ya kale, mwambie mama aangalie juu. Dari zimebebwa na boriti, na boriti ni mikoko ile ile. Ndio maana vyumba vya zamani vya Waswahili ni virefu lakini vyembamba, fundi alikuwa hawezi kupita urefu wa boriti, hatua tatu hivi kutoka ukuta mpaka ukuta. Mji mzima umepimwa na mti wa matopeni. Anayekuja Mji wa Kale bila kupita kwenye mikoko anaona milango na kusifu milango tu, dari haioni.

Na hata watu ni wale wale. 1837 Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowang'oa Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, wengine walikwenda Takaungu na wengine Gazi, na Mbaruk bin Rashid aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 alikuwa wa hapo Gazi. MdigoAsili hukuitaja nyumba yake.

MdigoAsili

Nimesahau kweli 😀 ipo kijijini, wataoneshwa, si mbali na daraja.

Mvita_Muscat

Nawasoma nikiwa huku Oman nimekumbuka nyumbani. Niongeze mawili tu. Hizo boriti za kwetu zilibebwa na majahazi mpaka huku Uarabuni miaka na miaka, huku miti ya kujengea ni shida, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha 1982. Nimewahi kuingia nyumba ya udongo ya zamani nje ya Muscat, nikainua macho, nikajua mti huu ni wa kwetu, nikasimama hapo muda mrefu. La pili, wale ndege weupe na weusi wenye domo nene wanaokula kaa Mida wakati wa kaskazi, wanazalia pande hizi za Uarabuni, wanachimba mashimo mchangani. Safari bado ni ile ile ya majahazi, ila sasa wanaoifanya ni ndege hao.

bintiwaKayole

Jamani sijui niwashukuru aje. Nimeangalia kalenda, mwezi mpevu unaangukia katikati ya likizo, nimehamisha tiketi. Swali moja la mwisho, jioni tukiwa Mombasa tumpeleke wapi apumzishe goti?

Kibokoni_254

Mama Ngina, chini ya mibuyu. Mnakaa tu na mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu na dafu, meli zinapita mbele yenu karibu kabisa. Na mkipita Makupa kwa gari mwambie hapo zamani bahari ilizibwa na barabara tangu 1929, daraja jipya likafunguliwa 2022 na sasa maji yanapita tena chini kutoka upande mmoja wa kisiwa mpaka wa pili.

bintiwaKayole

Nimerudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidi moyoni. Tulifika darajani saa moja na dakika arobaini, maji yalikuwa chini ya mbao kabisa vile mzee alisema. Mama alisimama akayachovya kwa kidole akaonja. Hakusema kitu. Halafu akaonja tena. Yule mama wa Gazi aliyetutembeza alikuwa umri wake na ndani ya nusu saa walikuwa wameniacha nyuma wakiongea mambo ya miche, huyu anaeleza kitalu cha mikoko huyu anaeleza kitalu cha chai, kivuli, nafasi kati ya mche na mche, Kiswahili cha mama yangu si kizuri lakini walielewana kuliko mimi ninavyoelewana na yeye. Kaa walipoanza kutoka akaketi kwa ubao akawatazama mpaka nikaogopa goti litakaza. Akapewa mbegu ya mkoko apande, akaichoma mwenyewe kwa tope.

Mji wa Kale kuna familia ilitukaribisha ndani maji ya kunywa, mama akainua macho akahesabu boriti kwa sauti, kumi na tisa, akamwambia mwenye nyumba "hii mti najua jina yake". Mwenye nyumba alifurahi akatuletea na mahamri.

Sasa ameshaanza kusema anataka kurudi na dada yake mwezi wa kumi na mbili kuona wale ndege wa Mvita_Muscat. Kutoka Mombasa mpaka Mida tunapanda nini?

mzee_wa_bamvua

Gari ya Malindi, mwambie konda awashushe Mida kabla ya kufika Gede, halafu boda au tuktuk. Kwa ndege njooni maji yakiwa yanajaa, yanawasogeza karibu na ukingo. Nitajie tarehe nikuhesabie bamvua.