Digrii "nafuu" ya makuzi ya mtoto mtandaoni: nina watoto 38 mbele yangu, chuo kinasema sina pa kufanyia fildi

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, mnivumilie. Jina la chuo sitaji, jina la wakala sitaji, msinifuate PM kuniuliza.

Nina kituo cha kulelea watoto mchana hapa Arusha, upande wa Moshono. Watoto 38, walezi wanne pamoja na mimi, jiko la uji, bembea mbili na moja kamba imekatika tangu Pasaka. Kituo kimesajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, cheti cha Ustawi wa Jamii kimetundikwa ukutani. Afisa anakuja, anahesabu vyoo, anaonja uji, anaondoka. Nina diploma ya ualimu wa awali na kazi hii ninaifanya mwaka wa kumi na moja sasa.

Digrii nilikuwa naitakia nini? Niseme ukweli, ni roho kuniuma. Tangu serikali izindue ile programu ya MMMAM Desemba 2021 (malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa msioijua), vikao vimekuwa vingi. Unaitwa, unakaa viti vya nyuma, mtu ambaye hajawahi kumfuta mtoto kamasi anasimama mbele kukueleza mtoto wa miaka mitatu anahitaji nini. Yeye anatambulishwa kwa digrii yake. Wewe unaambiwa "na mama wa kituo naye yupo." Nikasema hapana, na mimi nitasoma.

Mwaka jana nikaona bango la ofisi moja ya ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa. Digrii ya makuzi ya mtoto kutoka Marekani, unasomea nyumbani, dola 195 tu. Nikapanda kifodi nikaenda. Nikamkuta kijana mpole, shati jeupe, akanipa maji ya chupa na shikamoo mara mbili. Siku hizi kijana wa mjini akikupa shikamoo mara mbili, shika pochi.

Sasa hapa ndipo nataka mnisome taratibu, maana sikuibiwa usiku. Nilipigwa mchana, kwa hesabu.

Ile dola 195 ni ya krediti moja, yaani kile kipimo cha uzito wa somo. Kwenye bango neno krediti lilikuwepo, chini, herufi za ukubwa wa sisimizi. Kijana akaniambia masomo ni 40. Mimi kichwani 195 ni bei ya somo, mara 40, dola 7,800. Kwa shilingi 2,600 kwa dola, bei niliyobadilishia siku ile, ni milioni 20 na laki mbili na themanini. Nikajiambia ni miaka minne au mitano, ng'ombe mmoja wa maziwa nauza, kikobani nakopa, itawezekana. Nikamuuliza na shemeji yangu kuhusu zile krediti 120 za digrii yao, yeye kasoma hapahapa nchini. Akaniambia krediti 120 ni mwaka mmoja tu, shemeji, unamaliza upesi.

Na shemeji hakudanganya! Kwa utaratibu wa TCU, Tume yetu ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kusoma, mwaka mzima ni krediti 120, digrii ya miaka mitatu ni 360. Kule Marekani krediti ni mnyama mwingine. Yao moja ni kama saa moja darasani kila wiki na mbili za kujisomea, kwa muhula wa wiki kama 15, kwa hiyo inakaribia saa 45. Zile 120 ndiyo digrii nzima. Ni kama gunia la kawaida na lumbesa pale soko la Kilombero, yote wanayaita gunia, mgongo wa kuli ndio unaojua.

Bili ya kwanza ikaja: masomo mawili, dola 1,170. Nikadhani wamekosea. Nikapiga simu, kijana akasema "mama, somo moja ni krediti tatu." Hapo ndipo nikakaa chini kwenye kiti cha mtoto, vile vidogo vya plastiki, nikapiga hesabu upya. Dola 585 mara 40 ni dola 23,400. Milioni 60 na laki nane na arobaini elfu. Na hiyo ndiyo nafuu! Nimekuja kuchungulia bei za vyuo vyao vingine, na kweli kwa Mmarekani 195 iko upande wa rahisi. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba hakuna aliyesema uongo mahali popote.

Kuna zile kurasa zinazopanga vyuo vya bei ndogo, unaona chuo kimeandikwa mwanafunzi analipa dola elfu chache tu kwa mwaka. Msizifuate kichwa kichwa. Nyingi ya namba zile ni baada ya kupunguza misaada ya serikali yao. Wana ruzuku inaitwa Pell, mwaka wa masomo 2024/25 ilifika hadi dola 7,395 kwa mwanafunzi mmoja, na ni ya raia wao na wageni wachache wenye hadhi maalumu ya ukaazi. Mtu wa Moshono hayumo.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha palepale. Kwa sababu kijana alikuwa na jibu: diploma yako itakata krediti 60, utalipia nusu tu. Nikalipa laki tano na ishirini kampuni ya kule ipime vyeti vyangu. Yakarudi majibu, krediti 12. Kumi na mbili! Somo la kufaragua zana za kufundishia kwa vizibo na maboksi halina mwenzake kule, wamelitupa. Mazoezi yangu ya kufundisha, yale niliyoliliwa na darasa zima la watoto sabini, wameyatupa pia.

Niwe mkweli, masomo yenyewe ni mazuri. Nimejifunza vitu. Sikujua kwamba Mary Ainsworth, yule mwanasaikolojia wa mambo ya mtoto anavyoshikamana na mama yake, alianza kuwaangalia watoto Uganda, nyumbani kwa akina mama wa Kiganda, katikati ya miaka ya 1950, kabla hajaenda Baltimore, Marekani, na kile chumba chake cha kumwangalia mtoto akiachwa na mgeni. Nilisoma ukurasa ule usiku nikacheka peke yangu. Kumbe fildi ilifanyikia hapa jirani. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Saa zao nazo ni kituko. Mwisho wa kutuma kazi ni Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za mashariki mwa Marekani. Kwetu hiyo ni Jumatatu saa moja kasoro dakika moja asubuhi, na wao wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa mbili kasoro dakika moja. Saa hizo ndizo wazazi wanashusha watoto getini, huyu analia, huyu kasahau chupa, na mimi niko kwenye simu namjibu mwenzangu wa Ohio kuhusu hisia za mtoto. Maana ni lazima kila wiki ujibu wanafunzi wenzako wawili, hata kama huna la kusema. Darasa la moja kwa moja ni saa nane usiku. Mtihani unafanya huku kamera inakuangalia, umeme ukikatika unaandikiwa umetoka chumbani bila ruhusa. Haya yote niliyameza.

Sasa fildi.

Muhula wa pili, wiki ya tano, nikapata barua pepe ya kuandaa mahali pa mafunzo kwa vitendo, saa 240 kwa awamu mbili. Nilifurahi, wakuu. Nikajua hapa ndipo nitakapowafunika wote, maana wenzangu wanahangaika kutafuta vituo na mimi ninalala mlango wa pili na kituo. Nikatuma picha ya cheti cha usajili, nikakitafsiri neno kwa neno, nikatuma ramani, nikatuma na barua ya afisa ustawi yenye muhuri.

Wakajibu mistari miwili. Kituo hakikubaliki. Kinatakiwa kiwe na leseni ya jimbo lolote la Marekani au ithibati ya chombo wanachokitambua wao, msimamizi awe na digrii ya elimu ya awali, kuwe na mkataba na chuo, na mimi nichukuliwe alama za vidole na wakala wa jimbo lao.

Nikaandika tena. Nikawauliza, hivi leseni ya jimbo la Marekani naipatia wapi, Kijenge? Wakanijibu kwa upole kwamba naweza kwenda kufanyia kule kipindi cha kiangazi. Viza ya mwanafunzi haitolewi kwa digrii ya mtandaoni, na hilo wanalijua kuliko mimi. Nikawauliza kama wangempa ruhusa Mary Ainsworth afanyie fildi yake Uganda. Hilo hawakulijibu.

Halafu wakaja na suluhisho lao. Kaeni vizuri. Wakasema naweza kuhamia digrii ya masomo ya jumla, haina fildi, krediti zangu zote zitahesabiwa. Yaani wanitolee mtoto kwenye digrii ya mtoto, kinachobaki nikisome! Nina watoto 38 mbele yangu kila asubuhi. Kuna mmoja hapa alikuwa haongei hadi miaka mitatu na nusu, juzi kaniita "bibi" mbele ya mama yake, mama akashindwa kujizuia. Halafu mtu aliye kwenye kompyuta ananiambia sina mahali pa kuwaona watoto.

Hesabu ya maumivu hadi leo, masomo matatu: karo 4,563,000, ada ya teknolojia mihula miwili 780,000, namba za siri za kufungulia vitabu 572,000 (na muhula ukiisha kitabu kinajifunga, hakibaki hata cha kumpa mdogo wako), kupima vyeti 520,000, maombi 130,000, wakala 450,000. Milioni saba na elfu kumi na tano. Kurudishiwa hakuna, ukipita wiki ya pili pesa imeshakuwa yao. Ng'ombe hayupo, na kikobani naingia nimeinamisha kichwa.

Kijana wa shati jeupe nikamtumia ujumbe, tiki mbili za bluu, kimya. Siku ya tatu akaniletea sauti ya sekunde kumi: "Mama usipaniki, mambo ya fildi ni wewe na chuo." Nikaenda ofisini, nikakuta wamama wawili wamekaa na maji ya chupa. Nikawaeleza palepale. Mmoja akaondoka na mimi, mwingine akabaki. Sijui aliamuaje.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma majibu yenu. Wanaosema "ungesoma Chuo Kikuu Huria", mko sahihi na mnaniudhi. Kipo tangu sheria ya 1992, kina vituo Arusha na Moshi, na asiye na kidato cha sita ana njia ya kozi yao ya msingi au diploma yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0. Nilikidharau kwa sababu ni cha hapa, basi, nimeshasema. Anayesema bodi ya mikopo ingenisaidia, ile haikufuati kwenye chuo cha nje ulichojitafutia mwenyewe kupitia wakala.

Aliyeuliza kama TCU wataitambua: digrii ya nje hupitishwa kwao kutambuliwa, na chuo changu kina ithibati kwao Marekani, hiyo sina ugomvi nayo. Lakini hata ningeimaliza, digrii hii ya makuzi ya mtoto haikupi leseni ya ualimu hata kwenye jimbo la chuo chenyewe, wameiandika wenyewe chini kabisa ya ukurasa. Kwa hiyo wewe dada wa Moshi uliyesema unalipia wiki ijayo, SUBIRI. Waandikie chuo chenyewe, usipitie wakala. Waulize jumla ya pesa hadi kuvaa joho, siyo bei ya krediti. Waulize diploma yako inakata ngapi kwa maandishi kabla hujalipa hata senti. Na waulize fildi utafanyia wapi, uwatajie kituo chako kwa jina na mtaa. Wakikujibu "itajadiliwa baadaye", nitumie mimi hizo pesa nikufungie bembea.

Risiti nitaziweka kesho nikifuta majina. Kuna aliyeandika kwamba fildi yake ilikubaliwa Kenya kwa chuo kingine cha kulekule. Mkuu, naomba urudi utueleze ulifanyaje, msimamizi wako alikuwa nani na mkataba aliusaini nani. Mimi nitakuwa humu kesho saa saba mchana, watoto wakishalala.